Sumni Saba Ndani ya Shokapu

Kijana alifika kwangu Jumapili mchana akiikokota pikipiki, kwa sababu breki ya mbele ilikuwa haishiki tena. Ni afisa ugani, mmoja wa wale waliopewa pikipiki serikali ilipozigawa mwaka 2022, na tangu apangiwe kata za upande wetu huku Njombe amenifanya kitabu chake cha zamani. Akikwama ananifungua. Mimi kazi hiyo hiyo niliifanya enzi tukiitwa mabwana shamba, nikaifanya juu ya pikipiki kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo anadhani najua kila kitu kuhusu mbegu za viazi na kuhusu pikipiki. Kwenye viazi amekosea kidogo.

Mguu wa kushoto wa shokapu ya mbele ulikuwa umelowa kuanzia kwenye sili hadi kwenye ekseli. Vumbi lilikuwa limeshikamana na mafuta likawa zito, jeusi, kama ugali wa ulezi uliolala. Michirizi miwili ilikuwa imeteremka ikafika kwenye diski ya breki.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa shida ni oili, ile ya kiwandani ni nyepesi. Nimeleta nyingine."

Akatoa chupa mbili kwenye begi. Duka lilikuwa limebakiwa na chupa moja ya kampuni hii na moja ya kampuni ile, akazichukua zote, maana zote mbili zimeandikwa 10W.

"Hizi ni sawa tu, au siyo?"

Sikumjibu. Niliingia ndani nikaleta sirinji mbili kubwa, zile za kumchomea ng'ombe, nikachomoa vya kusukumia. Nilimpa moja aizibe kwa kidole upande wa chini, nami nikashika ya pili. Tukajaza kila moja na oili ya chupa yake hadi alama ya mililita 50, tukaachia vidole kwa pamoja juu ya vikopo, simu yake ikihesabu. Yake ilikwisha kwa dakika mbili na sekunde kumi. Yangu ilipofika dakika tatu ilikuwa bado inatiririka uzi mwembamba, bila haraka yoyote.

Aligeuza chupa, akasoma tena. 10W. Akageuza nyingine. 10W.

Tukio hilo ndilo lililonirudisha nyuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kuiamini namba ya kwenye chupa, na kabla ya hapo nilishaamini jambo baya zaidi, kwamba oili ni oili.

Mwaka 1989 nilipangiwa Makete. Barabara ya kutoka Njombe kwenda huko wakati huo ilikuwa ya vumbi mwanzo hadi mwisho, na kiangazi malori ya viazi na mbao yakishapita wiki mbili tatu, uso wake unakuwa mawimbi mawimbi kama bati la nyumba. Aliyewahi kuendesha pikipiki juu ya bati la namna hiyo anajua kwamba mwendo mdogo unakutikisa meno na mwendo mkubwa unakutupa. Nilikabidhiwa Honda ya mradi, nyekundu, iliyotumiwa na watu wawili kabla yangu, na fundi wa gereji ya mradi akanihakikishia kwamba ameifanyia kila kitu. Hata shokapu za mbele amezibadilisha oili. Ameweka oili gani? Ya injini, ile ile nzito tuliyokuwa tunaweka kwenye Land Rover. "Nzito inadumu," alisema, na mimi nikaona ni akili.

Asubuhi ya kwanza nilitoka saa kumi na mbili na nusu kuelekea uwanda wa Kitulo. Ilikuwa Julai. Kule juu, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, Julai majani yanaamka meupe kwa sakitu na maji ya ndoo yanaweka ngozi. Nilipoingia kwenye bati la barabara nilihisi usukani unakuwa mgumu kidogo kidogo, kila wimbi likinipiga zaidi ya lililotangulia, mpaka mikono ikawa kama imeshika nyundo ya kuvunjia mawe. Baada ya kilomita kama nne gurudumu la mbele halikuwa likifuata barabara tena, lilikuwa linarukaruka juu yake. Kwenye kona likateleza, nami nikaishia ndani ya shamba la pareto, mzima, nikiwa nimekumbatia maua ya watu.

Aliyenisaidia kuinyanyua pikipiki alikuwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mashine za kukamulia maziwa. Hakuuliza nimeumia wapi. Alishika breki ya mbele, akaukandamiza usukani kwa uzito wa kifua chake, akaachia ghafla. Mbele ya pikipiki ilipanda polepole, polepole, kama mtu anayeamka kitandani na homa.

"Umeona? Haijamaliza kuamka, shimo lingine linafika. Inalala zaidi. La tatu, la nne, mwisho inalala moja kwa moja. Hapo huna shokapu, una vyuma viwili."

Nimesoma vitabu kadhaa tangu wakati huo na sijaona aliyeeleza vizuri zaidi. Ndani ya kila mguu wa shokapu kuna springi, na kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo kila bomba linapoingia na kutoka. Springi peke yake ingekurusha juu na kukuacha unadunda kama mpira. Oili inapobanwa kwenye yale matundu inakataa kwenda haraka, na ukaidi huo ndio unaozima mdundo; nguvu yote iliyokuwa ikurushe inageuka joto na kuishia hewani. BMW waliuza pikipiki za kwanza za namna hii mwaka 1935, na hadi leo bodaboda nyingi tunazopanda zimetengenezwa kwa wazo lile lile: bomba, springi, matundu, oili. Matundu hayabadiliki. Kinachobaki kwenye mamlaka yako ni mnato wa kile unachokipitisha humo. Mnato mdogo, pikipiki inadunda. Mnato mkubwa, inashindwa kurudi juu kwa wakati, kama ilivyonitokea.

Na mnato hausimami mahali pamoja. Oili ya kawaida ikipimwa kwenye nyuzi 40 kisha ikashushwa hadi nyuzi 0 za alfajiri ya Kitulo, unene wake unaongezeka mara tano na zaidi. Siku ile niliporudi saa nane mchana, jua kali, pikipiki ile ile ilikuwa inavumilika, na fundi wa gereji alipoijaribu uwanjani akasema mimi ndiye sijui kuendesha. Kwa hiyo nilijifunza pia kuipima pikipiki saa ile ile inayonisumbua. Hilo limenifaa hata kwa ng'ombe wagonjwa.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa bondeni, Usangu, kwenye mpunga na joto. Nilikwenda na tiba yangu mkononi: oili nyepesi, nyepesi, nyepesi. Pikipiki niliyopewa huko ilikuwa na ugonjwa wa kinyume. Ukigusa breki ya mbele inapiga magoti. Ukivuka tuta inagonga chini, chuma kwa chuma, hadi unahisi kwenye taya. Mwenzangu ofisini akaniambia, weka oili nzito. Nikaikumbuka pareto, nikakataa. Tukabishana wiki nzima, yeye nzito, mimi nyepesi, wala hakuna aliyefikiria kuifungua na kutazama.

Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa na skrubu ndogo chini ya kila mguu ya kumwagia oili. Nilipoifungua hatimaye kilichotoka hakikuwa oili. Yalikuwa maji ya kijivu yenye harufu ya samaki, yakafuatiwa na tope laini linalometameta, unga wa chuma uliosagika miaka na miaka. Nilifungua kizibo cha juu ili nitoe springi nioshe. Juu ya springi ya mguu wa kulia, badala ya kipande cha bomba kilichotakiwa kuwepo, nikakuta sarafu nne. Sumni, zile senti hamsini za picha ya sungura. Mguu wa kushoto zilikuwemo tatu.

Nilicheka peke yangu pale kwenye kivuli cha mwembe. Fundi fulani, siku fulani, alikabiliwa na springi zilizochoka na kufupika. Akatafuta cha kuzinyanyulia, akaingiza mkono mfukoni, akapata sumni saba. Nane zingelingana, lakini ya nane hakuwa nayo. Na wakati ule sumni ilikuwa hainunui hata peremende, kwa hiyo siwezi kusema alikuwa mwizi. Alielewa tatizo kuliko mimi na mwenzangu tuliokuwa tunabishania oili.

Maana oili haibebi mzigo. Ningeweza kuiandika sentensi hiyo kwenye mlango wa kila duka la vipuri. Mzigo unabebwa na springi, na kazi ya oili ni kuipangia springi mwendo wake, basi. Springi ikifupika, au ukipakia magunia mawili kwenye chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu na mkewe, pikipiki inakaa chini, na ukiweka oili nzito inakaa chini vile vile, ila kwa ustaarabu. Unashika breki, inapiga magoti polepole badala ya haraka. Mwisho wa magoti ni pale pale. Nilinunua springi mpya mjini Mbeya, nikaweka oili ya wastani, na ule ubishi wetu ukafa bila mshindi. Sarafu niliziosha kwa mafuta ya taa nikazitia kwenye kopo. Zimesagika kingo, upande mmoja zinang'aa hadi sungura amebaki masikio.

Kosa la tatu ni langu peke yangu, na ndilo lililokuwa karibu kuniua.

Nilikuwa nimesharudi nyanda za juu. Nilijiona fundi sasa, nafungua shokapu zangu mwenyewe, nachagua oili yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilitumia ATF, ile nyekundu ya gia za otomatiki za magari. Vijana wanaicheka, lakini vitabu vya mwongozo vya Honda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 vilikuwa vinaitaja yenyewe kwa jina, na kwa mnato haiko mbali na oili nyingi zinazouzwa leo kwa bei mara tatu. Siku moja, baada ya kupima kiasi kilichotakiwa, kwenye kopo kukabaki kidogo. Si nyingi, labda kijiko cha chakula mara tatu kwa kila mguu. Kutupa sikutaka, kuhifadhi nikaona uvivu. Nikaimimina yote humo humo. Nilijiambia ziada haiozi.

Sikujua kwamba ile nafasi tupu iliyoachwa juu ya oili nayo ni kifaa. Hewa iliyofungiwa pale inabanwa shokapu inapoingia ndani na inasukuma kama springi ya pili, tena springi inayokuwa kali zaidi kadiri unavyokaribia mwisho. Ukiongeza oili unaipunguzia hewa chumba. Wiki ya kwanza nilifurahi: mbele ilikuwa imara, haipigi magoti hata kidogo, nikawaambia watu nimegundua siri. Wiki ya pili, nikiteremka mlima nikiwa na karani wa kijiji nyuma yangu na mizani ya kupimia mazao kati yetu, nilipita shimo moja refu. Nilisikia "pfff" kama mtu aliyekerwa. Sikuitilia maanani. Mita mia mbili mbele kulikuwa na mbuzi barabarani, nikashika breki, na breki ikateleza kama mkono wenye sabuni.

Sili zote mbili zilikuwa zimesukumwa zikaachia, oili imemwagikia kwenye diski. Mbuzi walihama kwa hiari yao. Karani alishuka bila kusema neno akatembea kwa miguu hadi kijijini, na mizani akaniachia.

Tangu siku hiyo sipimi oili kwa macho. Kiasi cha mililita ni cha kuanzia tu, kwa sababu ndani ya bomba huwa kunabaki mabaki ya zamani. Kipimo cha kweli ni kina: unatoa springi, unalibonyeza bomba hadi mwisho, unapandisha na kushusha taratibu mpaka mapovu ya hewa yaishe, halafu unapima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Kitabu cha pikipiki kinakutajia milimita ngapi. Miguu yote miwili ilingane. Mimi nafunga mpira mwembamba wa kutolea maji kwenye sirinji, naweka alama ya kina kwa kalamu ya wino, naushusha mpira hadi alama, navuta. Ziada inapanda yenyewe kwenye sirinji, na ikikoma kupanda ujue umefika. Sirinji ya ng'ombe ni chombo kikubwa kuliko inavyodhaniwa.

Hayo yote nilimsimulia kijana tukiwa tumekaa kwenye magogo, pikipiki ikiwa imenyanyuliwa juu ya kreti la soda, gurudumu la mbele limetolewa. Alinisikiliza kwa adabu, lakini macho yalikuwa kwenye chupa zake mbili.

"Sasa mzee, kwa nini waandike namba moja kama vitu ni viwili?"

Ni swali la haki, na jibu lake linaudhi. Kwenye oili za injini herufi ile W ina sheria nyuma yake; inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, na mtengenezaji anabanwa na vipimo kabla ya kuiandika. Oili za shokapu zimeazima maandishi hayo zikaacha sheria mlangoni. Hakuna anayemlazimisha mtu 10W yake ifanane na 10W ya jirani. Ya kampuni moja inaweza kukaribia 7.5W ya nyingine, au kuipita 15W ya nyingine. Namba inakusaidia ukibaki ndani ya kampuni moja tu: ukitumia 10W yao ukaona pikipiki inadunda, 15W yao itakuwa nzito zaidi. Ukihama kampuni, anza upya.

Kinacholinganishika ni mnato wenyewe uliopimwa kwenye nyuzi 40, unaoandikwa kwa sentistoksi, herufi cSt. Mara nyingi haupo mbele ya chupa. Uko kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na kijana mwenye simu haimchukui dakika mbili kuipata. Oili za haidroliki za mitambo ni waungwana katika hili. Ikiandikwa 32, mnato wake ni 32 kwenye nyuzi 40, kasoro au zaidi kwa asilimia 10, kampuni yoyote. Oili ya injini ya 20W-50, ile fundi wangu wa Makete angeipenda, kwa kawaida inazidi 140. Alipoona namba hizo mbili pamoja kijana alipiga mluzi.

Tulitafuta kwenye simu karatasi za chupa zake. Iliyomwagika haraka ndiyo iliyokaribia ile ambayo kitabu cha pikipiki yake kilitaka. Ya pili ingemfaa mtu mzito anayepakia kila siku huko bondeni kwenye joto. Yeye ana kilo kama sitini na huwa analala Makete.

Lakini oili yake ya zamani haikuwa mbaya! Tuliimimina kwenye kikopo cheupe: imechafuka, ndiyo, ila ilikuwa bado oili. Tatizo lilikuwa sili, na sili iliuawa na tope lililokaukia kwenye bomba la kromu. Nilimwonyesha cha kufanya uvujaji ukiwa mdogo: unainua mfuniko wa vumbi, unakata kipande cha filamu ya eksirei, ile ya hospitali, unakichonga kiwe na ndoano ndogo, unakipitisha kati ya bomba na sili ukizunguka. Kinatoka na mchanga. Mara nyingi uvujaji unakoma hapo hapo bila kununua kitu. Wake ulikuwa umeshapita hatua hiyo, mdomo wa sili umechanika. Rafiki yake mmoja alikuwa amemshauri aongeze maji ya breki humo ndani, eti sili itavimba izibe. Itavimba kweli. Ule mpira umetengenezwa kukaa kwenye mafuta ya madini, na maji ya breki yanaulainisha hadi unakuwa kama jojo.

Kwa hiyo tukaweka sili mpya, chupa moja ya ile nyepesi tukaigawa kwa sirinji kwa miguu yote miwili, pedi za breki zilizokunywa oili tukazitupa tukafunga mpya, diski tukaisugua kwa petroli. Ilipofika saa kumi na moja alisimama, akashika breki, akakandamiza kwa kifua, akaachia. Mbele ilipanda mara moja ikatulia. Alifanya hivyo kama mara kumi, akicheka.

Nilimwambia arudi Jumatatu ya wiki inayofuata na kitambaa cheupe. Alirudi Jumatano, bila kitambaa. Nikatoa leso yangu, nikafuta bomba la kulia, ikatoka na vumbi tu. Nikafuta la kushoto. Ikatoka na mstari mmoja mwembamba wa mafuta, na nilipopitisha ukucha juu ya kromu ukakwama mahali, kikovu cha kutu kidogo kama punje ya ulezi, ambacho Jumapili ile tulikuwa tumekipita wote wawili kwa furaha ya sirinji zetu. Alikwenda dukani kununua msasa laini.